Besi ya kupanda bajaji: vyombo gani vinawatosha wanamuziki wawili?

"Fundi, habari za kazi. Nimepiga besi kwenye bendi za dansi hapa Dar kwa miaka 19, na miaka yote hiyo vyombo vilikuwa vya bendi: naingia na gita begani, amplifaya naikuta jukwaani. Mwaka jana bendi ilivunjika. Tumebaki wawili, mimi na mke wangu. Yeye anaimba na kupiga gita kavu, mimi napiga besi ya nyuzi tano na kuitikia. Ijumaa tunapiga kwenye hoteli ndogo ya ufukweni Kunduchi, Jumapili mchana kwenye mgahawa Mikocheni, na mara mojamoja sherehe za watu 80 hadi 100. Hatuna gari, tunapanda bajaji, na nyumbani ni ghorofa ya tatu bila lifti. Juu ya hayo mgongo umenigomea, na daktari amenikataza vitu vizito. Rafiki ananiuzia amplifaya yake ya zamani ya spika ya inchi 15, kilo 38, kwa bei ya kutupa. Anasema besi bila uzito si besi. Muuzaji wa Kariakoo ananionyesha spika ya plastiki ya kilo 9 iliyoandikwa wati 3,000. Jirani anasema nichomeke tu kwenye sabufa ya nyumbani. Nimsikilize nani, na tuanze kununua nini?"

Kaka, pole na mgongo, na pole na bendi. Swali lako nalipata sana siku hizi, na karibu kila mara linatoka kwa mpiga besi. Wapiga gita walishazoea kutembea na vyao. Mpiga besi wa dansi alilelewa tofauti: vyombo ni vya mwenye bendi, yeye mali yake ni vidole. Siku anayoambiwa anunue cha kwake, ndipo anapogundua kwamba lile dude aliloliegemea miaka yote hakuwahi hata kuuliza lina wati ngapi. Huna la kuonea aibu hapo.

Washauri wako watatu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Rafiki yako amechanganya uzito na nguvu. Muuzaji amechanganya maandishi na nguvu. Jirani amechanganya besi iliyokwisha kupikwa studio na besi mbichi inayotoka kidoleni. Ila naona kuna hofu nyingine hujaiandika, nayo ni kwamba bila dude kubwa nyuma yako utasikika kama simu iliyowekwa kwenye kikombe. Hofu hiyo tuipe jibu la kweli, kwa sababu kwa sehemu ina msingi.

Tuanze na hizo kilo 38. Ukiifungua amplifaya ya rafiki yako utakuta uzito umekaa sehemu tatu. Ya kwanza ni transfoma. Umeme wa ukutani unabadili mwelekeo kwa masafa ya hezi 50, yaani mizunguko 50 tu kwa sekunde, na transfoma ya kufanya kazi kwa mwendo huo wa pole lazima ijazwe chuma na shaba. Ya pili ni sumaku ya spika, ile nyeusi ya feraiti, pana kama sahani ya kulia wali. Ya tatu ni boksi lenyewe, mbao nene zilizogundishwa ili lisitetemeke.

Vyote vitatu vimepata mbadala. Amplifaya za sasa zinaukatakata umeme kwanza hadi makumi ya maelfu ya mizunguko kwa sekunde, na kwa mwendo huo transfoma ya ukubwa wa kiberiti inafanya kazi iliyohitaji tofali la chuma. Upande wa kukuza sauti kuna kinachoitwa Klasi D: transista hazikai nusu wazi zikichemka, zinafunga na kufungua kabisa mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo umeme mwingi unaishia kwenye spika badala ya kupotea kama joto. Joto likipungua, na yale mabati mazito ya kupoozea yanaondoka. Sumaku nayo, tangu madini ya neodimiamu yaanze kutumika miaka ya 1980, inaweza kuwa ndogo kama kifuniko cha chupa ya uji na bado ikavuta kama ile sahani. Boksi nalo halihitaji kuwa zito. Linahitaji kuwa kakamavu, na plaiwudi nyepesi iliyowekewa mihimili ya ndani inafikia hapo.

Ili uone umbali tuliotoka: mwaka 1969 Ampeg ya Marekani ilitoa SVT, kichwa (yaani amplifaya isiyo na spika ndani) cha wati 300 kinachotumia valvu, zile taa za kioo za zamani zinazokuza sauti, chenye uzito wa zaidi ya kilo 35. Hapo hujagusa boksi lake la spika nane za inchi 10. Leo kichwa cha wati kama hizo kina kilo 2 hivi na kinaingia kwenye mfuko wa mbele wa begi la gita lako.

Rafiki yako atakuambia za zamani zina "kifua", na sitambishia kabisa. Valvu zikizidiwa hazikwaruzi ghafla, zinalainika, na mlio ule unajaza sikio hata kabla hujapandisha sauti. Wati 100 za valvu zinaweza kuonekana kubwa kuliko wati 100 za Klasi D. Lakini hilo ni suala la ladha ya mlio. Sumaku na chuma hawahusiki.

Sasa nikupe upande ambao muuzaji hatakuambia. Kuna kitu kimoja ambacho hakuna kiwanda kilichoweza kukipunguza, nacho ni hewa inayopaswa kusukumwa. Uzi wako wa E ukiachwa wazi unatetema mara 41 kwa sekunde. B yako ya tano inashuka hadi 31. Kila sauti ikishuka oktava moja, yaani mitetemo ikipungua nusu, koni ya spika lazima iende mbele na nyuma mara nne ya mwanzo ili isikike kwa ukubwa uleule kwenye hewa. Soma tena hapo: mara nne, kwa oktava moja. Ndiyo maana maiki ya shemeji inashiba kwa wati chache na besi yako haishibi.

J. Anton Hofmann, mmoja wa waasisi wa kampuni ya spika ya KLH huko Marekani, anakumbukwa kwa kanuni ambayo sisi mafundi tunaitumia kila siku: boksi dogo, besi ya chini kabisa, sauti kubwa kwa wati chache, chagua mawili, la tatu utalikosa. Ukiona boksi dogo linaloshuka chini sana, jua linakula wati kama jenereta linavyokula dizeli. Ukiona dogo lenye sauti kubwa, jua limeacha besi ya chini mlangoni. Kwa hiyo ukiniuliza kama kuna boksi la kilo 10 litakalokupa B ya hezi 31 ikigonga kifuani watu 100 ufukweni, jibu ni hapana, kwa bei yoyote.

Na bado nakuambia kilo 10 zinakutosha. Umewahi kuhudhuria sherehe ya kidumbak Unguja? Pale besi ni sanduku: boksi la mbao lililogeuzwa, fimbo na uzi mmoja. Halina umeme wowote. Boksi la ukubwa ule haliwezi kutoa hezi 40 kwa nguvu, haiwezekani kabisa. Lakini kina mama wanacheza, na hakuna anayelalamika kwamba besi haipo. Sababu ni kwamba uzi haupigi sauti moja. E ya hezi 41 inatoka pamoja na 82, 124, 165 na kuendelea, na ubongo ukizisikia hizo ndugu za juu unaijaza ile ya chini wenyewe. Sehemu kubwa ya besi unayoisikia kwenye rekodi za dansi, ile inayokufanya utambue noti na pigo, iko kati ya hezi 80 na 250. Spika ya inchi 10 au 12 kwenye boksi jepesi inazitoa hizo vizuri tu.

Zaidi ya hapo, besi ya dansi na rumba inaacha nafasi. Hushikilii noti ndefu kama mpiga reggae. Unapiga, unanyamaza, unaruka. Mlio wa namna hiyo unataka spika inayosimama haraka kuliko inayoshuka chini. Ungekuwa unapiga reggae ningekujibu vingine.

Kuhusu wati 3,000 za Kariakoo. Namba hiyo mara nyingi ni ya kilele, yaani kile ambacho kifaa kinaweza kutoa kwa kufumba na kufumbua kabla hakijajihurumia, na wakati mwingine ni ya kwenye karatasi tu. Tafuta maandishi ya wati za mfululizo, zinazoandikwa RMS. Hata hivyo usizisujudie. Sikio haliendi sambamba na wati: ukitoka wati 100 hadi 200 umeongeza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo mteja aliyeshika glasi hataitambua. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili unahitaji takriban mara kumi ya wati. Kinachosaidia zaidi ni wepesi wa spika yenyewe kugeuza umeme kuwa sauti. Boksi lenye desibeli 97 kwa wati moja, mita moja, likipewa wati 100 linalingana na la desibeli 91 lililopewa wati 400. Namba hiyo haibandikwi kwa rangi nyekundu mbele ya spika. Utaikuta kwenye kijitabu, au hutaikuta.

Kipimo cha kweli ni masikio yako, na hapa nakuomba usione haya dukani. Muuzaji atakuwekea wimbo kwa bluetooth, nawe utatikisa kichwa. Kataa. Wimbo ule umeshabanwa studio ili usikike vizuri hata kwenye redio ya bodaboda. Toa gita lako, chomeka, piga G ya kitufe cha tatu kwenye uzi wa E, taratibu, huku mwenzako akipandisha sauti. Sikiliza kwa makini jambo moja. Spika mbovu ya zamani ikizidiwa hupasuka na unaijua. Spika ya kisasa yenye kompyuta ndani haipasuki: besi inajiondokea kimyakimya, zinabaki sauti za juu, na wewe unaongeza ukidhani hujafika. Pale ambapo besi inaanza kuondoka ndipo mwisho wa spika hiyo, hata kama kitasa kimefika saa sita tu. Kisha tembea hatua kumi hadi nje ya mlango, mtu aendelee kupiga. Ukitambua noti kwa jina ukiwa nje, endelea na mazungumzo ya bei.

Sabufa ya nyumbani iache nyumbani. Kwanza, tundu lake la kuingilia limetengenezwa kwa ajili ya redio au simu. Gita la besi lisilo na betri linataka kuingia mahali penye ukinzani wa karibu omu milioni moja. Kwenye tundu lenye omu elfu 10 hivi linafifia na kupoteza makali, kama mtu anayeongea kupitia blanketi. Pili, wimbo uliorekodiwa hauna mishtuko, lakini kidole chako kinayo. Ukigonga uzi kwa nguvu, koni inaruka kuliko ilivyoundwa kuruka, na baada ya Ijumaa chache itaanza kukwaruza. Kufanyia mazoezi kwa sauti ya chini, na kifaa kidogo cha kuingilia katikati, sawa. Kazi ya kulipwa, hapana.

Njia ya kwanza wanayoipenda vijana ni kuachana kabisa na amplifaya ya besi: miksa ndogo, na kila kitu, sauti, gita kavu na besi, kiingie kwenye spika moja au mbili zenye amplifaya ndani. Ni safi na nyepesi. Yamaha DBR10, kwa mfano, ina kilo 10 na nusu na spika ya inchi 10. Tatizo ni kwamba koni ileile inayotetemeka sana kwa ajili ya E yako ndiyo inayobeba sauti ya shemeji. Ukipiga kwa nguvu, sauti yake inaanza kuyumba kama mtu anayeimba akiwa ndani ya daladala barabara ya vumbi. Utapunguza kwa kukata masafa yaliyo chini ya hezi 50 au 60 kwenye miksa, na ukweli ni kwamba ukikata hapo hakuna mteja atakayeona. Lakini ukitegemea spika moja tu na ikafa, usiku umekwisha.

Njia ya pili ni spika za mnara, za aina ambayo Bose waliianzisha mwaka 2003 kwa jina la L1: nguzo nyembamba ya spika ndogo juu, boksi la besi chini. Zinasambaza sauti vizuri pembeni, mwimbaji anajisikia bila spika ya ziada, na zinapendeza kwenye mgahawa wa Mikocheni. Kwa wanamuziki wawili ndizo ningewapendekezea kama fedha si tatizo na mko tayari kuanza bila spika ya akiba. Ila ndogo kati yake zina boksi la besi dogo, na B ya nyuzi tano inazichosha. Zipo pia spika ndogo za betri, zisizo za mnara. Bose S1 Pro ina kilo 7 tu na inakaa saa nyingi bila umeme. Kwa gita kavu na sauti ni nzuri mno. Kwa besi yako ni ya mazoezi na ya hafla ya watu 20.

Njia ya tatu ndiyo yangu, na nitakuambia kwa nini. Nunua kombo nyepesi ya besi, yaani amplifaya na spika kwenye boksi moja, kwa ajili yako, ya kilo 8 hadi 13, yenye spika ya inchi 10 au 12 na tundu la XLR, lile la waya wa pini tatu kama wa maiki, la kutolea besi kwenda kwenye miksa. Mfano unaoweza kulinganisha nao ni Fender Rumble 100: spika ya inchi 12, wati 100, kilo 10 hivi. Ndugu yake mkubwa, Rumble 500, ana spika mbili za inchi 10 na kilo 16 na nusu, na hapo mgongo wako umeshaanza kuuliza maswali. Kisha nunua spika moja yenye amplifaya ndani, ya inchi 10, ikae kwenye stendi kwa ajili ya sauti zenu mbili na gita kavu. Besi inasukuma hewa yake, sauti inapita kwenye njia yake, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Mizigo inakuwa miwili ya kilo kumi badala ya mmoja wa ishirini, kila mmoja wenu anashika wake ngazini. Moja ikizimika katikati ya shoo, nyingine inawabeba wote hadi mwisho kwa kutumia waya mmoja. Mimi usiku wa namna hiyo nimeshaupitia, na ule waya mmoja nilikuwa nimeusahau nyumbani. Tangu siku hiyo unakaa kwenye begi langu haujatoka.

Udhaifu wa njia hii ni zile sherehe za watu 80 hadi 100. Wati 100 za kombo hazitawatosha watu wakianza kucheza. Usinunue chombo kikubwa kwa ajili ya siku mbili tatu za mwaka. Siku hizo weka kwenye bei yako gharama ya kukodi mitambo na fundi wake, toa besi kwa XLR kwenda kwenye miksa yake, na kombo yako iwe ya kujisikia mwenyewe.

Utakapovipanga vyombo, sahau ule uvumi kwamba besi "inahitaji mita nane ili ikomae". Ni kweli wimbi la E lina urefu wa mita 8 na kidogo, lakini halisubiri likamilike ndipo lisikike. Ungeisikiaje besi kwenye spika za masikioni? Kinachotokea ni kwamba umesimama karibu na boksi lililo sakafuni, sauti zake za juu zinapiga magoti yako, na magoti hayana masikio. Unapandisha, na mteja wa meza ya mbali ndiye anayeumia. Liegemeze boksi nyuma kidogo litazame kifua chako. Utashangaa jinsi utakavyopunguza.

Sehemu zako mbili zinahitaji mambo yaliyo kinyume kabisa. Mikocheni, kama ni mgahawa wa kawaida wa vigae na vioo, besi itarudi kutoka kila pembe na kuvuma kama lori lililosimama nje. Huko usiweke boksi kwenye kona wala sakafuni. Omba kreti tupu ya soda, weka boksi juu yake, lisogeze mbali na ukuta, punguza besi kwenye eneo la hezi 100 hadi 150. Kunduchi hakuna kuta za kukusaidia, na kila umbali ukiongezeka maradufu unapoteza desibeli 6. Huko kreti irudishe. Weka boksi chini kabisa, mgongo wake karibu na ukuta wa baa au hata meza nzito iliyolazwa, kwa sababu sakafu na ukuta vinarudisha mbele besi ambayo ingepotelea nyuma. Ni nguvu ya bure. Spika ya shemeji iwe mbele yake na pembeni, ikitazama wateja, ili sauti isirudi kwenye maiki ikapiga mluzi.

Sasa umeme, na hapa nakuwa mkali kidogo. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma mkishaunganisha kombo yako na miksa, mara nyingi ni kwa sababu vyombo viwili vimechomekwa soketi mbili tofauti na vina njia mbili za kwenda ardhini. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au bonyeza kitufe cha kukata ardhi kilicho nyuma ya kombo karibu na XLR kama kipo; kile kinakata ardhi ya waya wa sauti tu, na ni salama. Usikate pini ya tatu ya plagi. Wala usitumie ule ujanja wa kuingiza kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Pini ile ya juu ndiyo inayosimama kati ya mkeo na umeme wa ukutani, maana mdomo wake unagusa chuma cha maiki huku vidole vikiwa kwenye nyuzi. Siku mmoja wenu akihisi hata kuchonyotwa kidogo mdomoni, simamisheni muziki, zimeni, na asiguse mtu kitu mpaka fundi umeme mwenye leseni aje aangalie soketi za hoteli. Jambo hilo halitatuliwi kwa maandishi, na mimi siwezi kuliona kutoka hapa.

Jenereta nazo: niliwahi kupiga harusi Bagamoyo, umeme ukakatika, jenereta ya mwenyeji ikawashwa, jikoni wakazima majiko yao yote kwa wakati mmoja. Umeme ukapanda, na kichwa kimoja cha amplifaya kikatoa moshi mwembamba wenye harufu ya samaki aliyeungua. Tangu hapo sichomeki kitu mpaka jenereta itulie dakika tano, na kila kitu changu kinapita kwenye stabilaiza. Vyombo vyepesi vya kisasa vinavumilia umeme wa chini kuliko vya zamani, lakini ukipanda ghafla vinakufa, na kuvitengeneza ni shida kwa sababu ndani ni bodi moja. Kwa hili, naikiri, dude la rafiki yako linashinda: likiharibika, fundi yeyote wa mtaani atalifufua.

Kuhusu fedha, bei zinapanda na kushuka na dola, kwa hiyo nakupa mgawanyo tu. Katika kila shilingi kumi, nne ziende kwenye kombo, nne kwenye spika ya sauti, na mbili ambazo watu huzisahau ziende kwenye miksa ndogo, nyaya nzuri, stendi na toroli ya kukunja. Maiki mnazo, nadhani. Kama fedha hazitoshi kwa pamoja, anza na spika ya sauti, kwa sababu bila sauti ya shemeji hakuna kazi, na kwa muda besi ipite humohumo kwa adabu. Anza na mtumba ukipata, lakini chomeka na piga nusu saa nzima kabla ya kulipa, joto lipande.

Kilo 10 nazo si sifuri. Nenda kwa daktari wako au mtaalamu wa fiziotherapia na umwambie kwa namba: kilo 10, kuinua kutoka sakafuni, ghorofa tatu, mara nne kwa wiki. Akikataa, basi toroli na kijana wa bajaji walipwe, na hiyo iingie kwenye bei ya shoo.

Na lile la kilo 38, usilinunue kwa ajili ya kulibeba. Lakini kaongee kwanza na meneja wa Kunduchi. Kama ana stoo kavu yenye kufuli, mbali na upepo wa chumvi, na yuko tayari likae pale wiki nzima likikusubiri Ijumaa, mpigie rafiki yako simu kabla hajapata mteja mwingine.